Mashimo ya chunusi: nini ununue kwanza, nini ukiache dukani

Kabla hujatoa hela, simama karibu na dirisha asubuhi, mwanga ukupige ubavuni, ujitazame kwenye kioo. Kisha pitisha kidole shavuni. Kama panaonekana peusi lakini kidole hakidumbukii, hilo ni doa, na doa kwa kawaida hufifia kadiri miezi inavyokwenda. Kidole kikidumbukia, hilo ni shimo: chunusi au tetekuwanga imekula kolajeni, nyuzi zinazoishikilia ngozi kutoka chini. Krimu ya kulijaza shimo likawa sawa na ngozi nyingine haipo. Mimi muuzaji mmoja hapa Mtwara mjini aliniambia, "Dada, wiki mbili tu, yote yanaziba." Nikalipa. Miezi mitatu baadaye mashimo yalikuwa palepale, na uso juu yake umeungua.

Kwa hiyo nikipanga kwa faida ya hela yako, ya kwanza ni jeli ya adapalini ya asilimia 0.1. Iulize duka la dawa, si duka la vipodozi. Kazi yake kubwa ni kuzuia chunusi mpya, maana kila chunusi kubwa inayovimba yaweza kukuachia shimo jingine. Ukiivumilia kwa miezi, hata mashimo yasiyo na kina huweza kulainika kidogo. Paka usiku, kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima. Wiki za mwanzo ruka usiku mmoja mmoja, kwa sababu ngozi hukauka na kubanduka. Usiihukumu kabla ya miezi mitatu. Mwenye mimba au anayetafuta mimba asiinunue.

Ya pili ni mafuta ya kuzuia jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu. Jua letu la pwani halichimbi shimo, ila hutia weusi kwenye kovu na kulifanya lionekane kutoka mbali. Tafuta yenye rangi ya kahawia: hayakuachi kama umejipaka unga, na oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata ule mwanga wa kawaida unaoongeza madoa kwenye ngozi nyeusi. Anayeshinda sokoni au kwenye mikorosho arudie kila baada ya saa mbili, na khanga kichwani isikose.

Ya tatu ni matibabu ya daktari wa ngozi, na hayo ndiyo yanayoligusa shimo lenyewe. Nimeyaweka nafasi ya tatu kwa sababu ya nauli na gharama tu. Matundu membamba yenye kina hudondoshewa tindikali kali ndani yake, tone kwa tone. Mashimo mapana hutobolewa kwa sindano ndogondogo ili ngozi itengeneze kolajeni mpya. Ngozi iliyobonyea kama mawimbi, daktari hupitisha sindano chini yake akakata nyuzi zinazoivuta. Yote hurudiwa mara kadhaa, na matokeo ni nafuu, si uso mpya. Leza naiweka nyuma, kwa kuwa ngozi nyeusi hupata madoa kirahisi mashine ikishikwa na asiyeizoea. Muulize daktari ameshatibu ngozi kama yako mara ngapi, na kama una keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, mwambie mapema. Anzia hospitali ya Ligula hapa Mtwara, au hospitali ya Sokoine kwa walioko Lindi, uombe rufaa. Hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Kile kigurudumu cha sindano cha kujitoboa nyumbani sikinunui. Hakifiki panapotakiwa, na kikiwa kichafu kinaingiza vijidudu.

Mkorogo hauna nafasi kwenye orodha hii. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na klobetasoli inayochanganywa humo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi nyingine. Mafuta ya nazi, tuyapendavyo huku kwetu, huziba vinyweleo vya uso wenye chunusi, yapake miguuni.

Na tafadhali, mafuta ya ganda la korosho yasifike usoni hata kwa ushauri wa nani. Wabanguaji wanajua yanavyobabua vidole, seuze shavu. Yakishakugusa, osha kwa maji mengi na sabuni, uende kituo cha afya siku hiyohiyo.