Mvinyo mtamu wa bei nafuu: jaribuni, ila si pale nilipoletewa mimi

Bado nina hasira, mtaniwia radhi. Majuzi nimemaliza kula mgahawani, nikaomba glasi ya Moscato d'Asti, ule mvinyo mtamu wa Italia wenye vipovu. Mhudumu akanipima kwa macho, akasema: "Dada, huo ni wa wanaojifunza kunywa. Wanatia sukari kuficha ubaya."

Wanatia sukari! Mtu kakabidhiwa kazi ya kuuza mvinyo na hajui utamu wake unatoka wapi. Utamu wa Moscato d'Asti ni wa zabibu yenyewe. Juisi hupozwa kabla chachu haijaimaliza sukari, kuchachuka kukakoma, ndiyo maana kilevi chake ni kama asilimia 5 tu. Port, mvinyo mtamu wa Ureno, huongezewa pombe kali katikati ya kuchachuka, chachu ikafa, sukari ikasalimika. Sauternes ya Ufaransa hutokana na zabibu zilizoshikwa na ukungu unaozinyausha mpaka maji yapungue na utamu ukolee, na chupa zake nyingine bei yake haishikiki. Hiyo nayo ni ya wanaojifunza?

Basi glasi ikaja. Vuguvugu! Hakuna hata povu moja, na mvinyo huu raha yake yote iko kwenye ubaridi na vile vipovu vidogo vinavyochezacheza ulimini. Kumbe kaumimina kutoka chupa iliyoachwa wazi kaunta, sijui tangu lini. Nilipomwambia umechuja, akanijibu, "Ndivyo ulivyo," akaondoka. Hata samahani hakuna. Mtu anayeonja mara ya kwanza angeamini, asirudie tena maisha yake yote, na hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo nasema inafaa kujaribu, sana tu. Anza na Moscato d'Asti iliyopozwa vizuri. Ukitaka kuijua ladha ya aina ya Sauternes bila kufilisika, tafuta Monbazillac: nayo ya Ufaransa, zabibu zake kuu ni Sémillon kama kule, ukungu ni uleule, na ile harufu ya asali unaipata. Chupa ndogo ya mililita 375 inatosha watu kadhaa, maana huu hunywewa kwa mafunda madogo.

Ila nisiwadanganye. Ziko chupa rahisi ambazo ni utamu mtupu, hazina uchachu wa kuukata, na funda la pili linakinaisha. Hizo sizitetei, na ziko nyingi kuliko nilivyotaka kukiri nilipoanza kuandika. Ukiniuliza kama kila mvinyo mtamu wa bei nafuu ununuliwe, jibu ni hapana.

Na wa kuagiza kwa glasi, hapana kabisa! Mgahawa usiokuonyesha chupa na kukwambia ilifunguliwa lini, usiagize hata kama ni bure. Nunua chupa yako, iweke kwenye friji saa kadhaa, ifungue mwenyewe.