Mhasibu wa fomu 3520: nyota nne, ya tano ataipata siku akipokea simu

Mwaka 2023 mjomba wangu aliyeko Muscat alinitumia dola 70,000 za kuanzia nyumba, wiki mbili baadae na mkewe akatuma 45,000 zake. Mi niko Marekani na grini kadi, sa Februari nikaenda kwenye kaofisi ka kufaili kodi ninakoendaga kila mwaka, jina sitaji, yule dada akabonyezabonyeza kompyuta weee, nilivyomwambia habari ya zawadi akacheka, "zawadi hailipiwi kodi, hongera", hao dola 220 zangu zikaenda. Na hakudanganya, anayepokea kweli halipi hata senti. Ila kulipa ni mbali na kuripoti ni mbali, hapo ndo tunapoliwa.

Huyu mhasibu nilielekezwa na mwenzangu wa kazini. Hata kiasi hakuuliza kwanza, aliuliza nani na nani wametuma na wana undugu gani. Nikamjibu, akavuta kikokotoo akajumlisha palepale: 115,000. Kumbe ukipokea zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kutoka kwa watu wa nje unajaza fomu 3520 ya kuripoti zawadi hizo, na wakiwa ni mtu na mkewe wanajumlishwa, huwezi kujitetea eti kila mmoja hajafika laki. Usipojaza, faini asilimia 5 ya zawadi kila mwezi mpaka ifike 25. Akanigeuzia kikokotoo: 28,750. Kwa hela ambayo haidaiwi kodi jamani! (Oktoba 2024 IRS, yaani watu wa kodi wa Marekani, wamelegeza kidogo, wakasema wataacha kupiga faini moja kwa moja, watasoma kwanza maelezo yako kwa nini umechelewa. Mi nisingejaribu.)

Akanichimba zaidi, hela ilipitia akaunti yangu yoyote ya nje? maana zikizidi 10,000 huko kuna ripoti nyingine, FBAR. Haikupitia. Riba iliyozaa hapa benki ndo mapato, hiyo inalipiwa kama kawaida. Pia kumbe mjomba angelipa ada moja kwa moja chuoni isingehesabiwa zawadi kwenye hii fomu, nimechelewa kujua.

Fomu 3520 yenyewe haikwenda na ritani, zile karatasi za kodi za kila mwaka, niliituma peke yake kwa posta mpaka Ogden, Utah, akanisisitizia nitume kwa rejista na risiti nisitupe.

Ubaya wake sasa. Alinichaji 400, na kuanzia Machi simu hashiki, unaenda unakaa kwenye kiti cha plastiki saa nzima. Halafu akataka barua ya mjomba ya kuweka kwenye faili, fomu haiidai ila yeye anataka iwepo. Mjomba alikasirika huyo, toka lini mtu akimpa mwanawe anaandikiana naye! Siku ya tatu ikaingia picha WhatsApp, karatasi ya daftari, wino mwekundu: "Nimempa mpwa wangu. Simdai."

Mhasibu akaiprinti hivyohivyo.