Uzamili wa ustawi wa jamii Marekani: uzito wote uko kwenye saa 900

Anayelinganisha vyuo kwa kusoma orodha ya masomo anapima kitu kisichotofautiana sana. Makuzi ya binadamu, sera, mbinu za utafiti: karibu kila chuo kinafundisha hayo. Tofauti huonekana uwandani, yaani kwenye mafunzo ya vitendo ndani ya taasisi za huduma, na huko ndiko tathmini hii inakokaa.

Kwanza jina la shahada, kwa sababu kosa hapa hugharimu miaka. Shahada ya MSW, yaani uzamili wa ustawi wa jamii, huidhinishwa na CSWE, baraza la Marekani la elimu ya ustawi wa jamii. Zipo pia shahada za huduma kwa jamii zenye baraza lao la viwango, CSHSE. Hizi zinafaa kwa kuratibu huduma na kuendesha miradi, lakini hazifungui njia ya leseni ya kutibu wateja kama mtaalamu wa ustawi wa jamii. Leseni hiyo hudai MSW iliyoidhinishwa, kisha maelfu ya saa nyingine chini ya usimamizi baada ya kuhitimu, kwa idadi inayotofautiana jimbo kwa jimbo.

CSWE inadai angalau saa 900 za vitendo kwa uzamili. Kwa shahada ya kwanza ni 400. Mpango wa kawaida ni saa 16 kwa wiki, wiki 28 hivi kila mwaka, kwa miaka miwili. Uzoefu wa kazi wa zamani hauhesabiwi kabisa, hata ukiwa wa miaka kumi. Aliye kazini anaweza kufanyia mafunzo hapohapo kwa mwajiri wake, mradi majukumu yake yaoane na umahiri tisa wa CSWE, yaani stadi ambazo mwanafunzi hupimwa kwazo. Nafasi nyingi hazilipwi, na hapo mfumo huu unastahili lawama: saa 16 bila ujira juu ya masomo humchuja mwenye familia kabla hata hajapimwa uwezo.

Kinachostahili sifa ni usimamizi. Msimamizi wa mwanafunzi wa uzamili anatakiwa awe na MSW na angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada. Taasisi isiyo na mtu wa namna hiyo si lazima ikataliwe, ila chuo kinabeba wajibu wa kuziba pengo, na mwanafunzi aulize ni nani hasa atakayeliziba. Saa moja ya kikao kila wiki, iliyopangiwa siku na muda, ndiyo kipimo chetu. Msimamizi anayesema "nipo, njoo wakati wowote" mara nyingi hapatikani.

Zana bora kuliko zote katika vikao hivyo ni rekodi ya mazungumzo, yaani maandishi ya yale mwanafunzi aliyozungumza na mteja. Karatasi hugawanywa safu nne: maneno yaliyosemwa, hisia za mwanafunzi wakati huo, uchambuzi wake, na maoni ya msimamizi. Dakika kumi au kumi na tano za mazungumzo zinatosha. Iandikwe siku hiyohiyo. Ikikaa siku tatu, kumbukumbu huyasafisha majibu na swali baya alilouliza mwanafunzi hupotea, nalo ndilo lililofaa kujadiliwa. Majina na chochote cha kumtambulisha mteja viondolewe kabla karatasi haijatoka ofisini.

Mambo huharibika mara nyingi kwenye mkataba wa mafunzo. Ukiandikwa "kujifunza tathmini ya mteja", wiki ya sita utamkuta mwanafunzi mapokezi akijibu simu, na hakuna kifungu cha kumtetea. Uandikwe hivi: tathmini nane kamili hadi mwisho wa muhula, mbili za kwanza akitazama, mbili akifanya pamoja na msimamizi, nne peke yake, kila moja ikiwa na mchoro wa ukoo. Kazi za namna hiyo zinahesabika, na mwalimu wa chuo anayetembelea taasisi ana cha kukagua.

Udhaifu mwingine ni namna ya kuagana na wateja. Kalenda ya chuo ndiyo inayomwondoa mwanafunzi, wakati mteja bado yuko katikati ya shida yake. Programu makini huanza maandalizi wiki nne hadi sita kabla: mteja anaambiwa tarehe, anatajiwa atakayempokea, na kikao kimoja kinafanywa wote watatu wakiwapo. Kabla ya kuomba nafasi, kiulize chuo utaratibu wake wa kukabidhi wateja, na uombe kuonyeshwa mkataba wa mafunzo wa mwaka uliopita uliofutwa majina.