Upasuaji wa kukaza tumbo: wiki sita bila kusonga bukari (ugali)

Nina watoto wanne, wawili wa mwisho mapacha. Walikuwa wameshaanza shule siku muuza lengalenga (mchicha) wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliponiuliza, "Mama, mimba ina miezi mingapi?" Baada ya kuzaa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alinifunga kitenge tumboni miezi mitatu, akikaza hadi pumzi inakatika. Lakini daktari aliponilaza na kuniambia ninyanyue kichwa, vidole vyake vitatu vilizama katikati ya tumbo. Misuli ilikuwa imeachana. Kitenge hakiirudishi, akasema, inashonwa.

Anayetaka kupungua uzito asijisumbue: mimi nilitoka na kilo mbili pungufu tu. Wanakukata chini kabisa, nyonga hadi nyonga, wanashona misuli, ngozi iliyozidi inaondoka. Kitovu kinabaki kilekile, ila kinatobolewa tundu jipya.

Kliniki (hapa hapa Lubumbashi, siitaji) haikunitayarisha kwa mirija. Niliamka nayo miwili, kila mmoja na kichupa cha plastiki chenye maji mekundu, na asubuhi na jioni nilipima na kuandika kwenye daftari la binti yangu. Ilitolewa siku ya tisa. Kesho yake tu baada ya upasuaji walinitembeza ili damu isigande miguuni, nami nikamtukana nesi moyoni. Unatembea umeinama kama unatafuta sindano iliyoanguka, unalala nusu umekaa, mito chini ya magoti. Kukohoa unashika mto tumboni. Mashimo ya barabarani ndani ya teksi, nayo vilevile.

Korseti ni usiku na mchana, wiki sita, na bei yake haikuwa kwenye hesabu waliyonipa. Nunueni mbili, moja ikifuliwa nyingine iko mwilini. Na msifanye Oktoba kama mimi! Joto lile kabla ya mvua, jasho likiteremka ndani ya korseti, nilitamani kuichana kwa mkasi. Juni au Julai, wakati wa baridi, ndiyo afadhali.

Wiki ya tatu nilijiona mzima nikaenda kwenye mbabula, jiko la makaa, kusonga bukari. Unga ulipoanza kuwa mzito, mwiko ukagoma, nikausukuma kwa nguvu zangu zote, na kitu kikavuta ndani. Jioni upande wa kulia ulikuwa umejaa, ukiubonyeza unatikisika kama maji kwenye mfuko. Daktari aliyavuta kwa sindano, mara mbili wiki ile, akanigombeza kama mtoto.

Sasa ni miezi kumi na moja. Tumbo limenyooka, mgongo hauumi tena nikisimama. Chini ya kitovu bado ni ganzi, najikuna bila kusikia kitu, na mwisho wa kovu kulia ni mnene na mweusi. Uvimbe wa jioni ulichukua miezi minne kuisha.

Mwiko niliushika tena wiki ya nane. Kabla ya hapo binti yangu ndiye aliyesonga, mabonge matupu, na tulikula.