Uzoefu wangu na teksi za Waymo, Phoenix: nyota nne, ila soko la Kilombero bado sana

Kwa wadau wa Arusha mnaoulizia teksi zisizo na dereva: hizi za kampuni ya Waymo nilizopanda Phoenix, Marekani, zimeshavuka majaribio. Abiria wa kawaida pale walianza kupanda bila mtu kwenye usukani Oktoba 2020; San Francisco wakaruhusiwa wote Juni 2024.

Unaweka kadi ya benki kwenye programu, unaandika unakokwenda, bei inaonekana kabla hujathibitisha. Nyota niliyoikata ni ya hapa: gari halisimami unapotaka wewe, linatafuta mahali panaporuhusiwa, kwa hiyo utaburuza begi kidogo na hakuna wa kukupokea. Magari ni Jaguar nyeupe zinazofanana, basi angalia herufi za jina lako zinazowaka juu ya paa. Fungua mlango kwa simu, funga mkanda, bonyeza kitufe cha kuanza safari kwenye skrini. Ukishuka, sukuma mlango mpaka ushike. Ukibaki wazi hata kidogo, gari halitoki hapo hadi mtu aje aufunge.

Mwendo ni wa kistaarabu, breki laini. Jaguar hizo zina laida 5 za kupima umbali kwa mwanga, kamera 29 za kusoma taa na alama, na rada 6 ambazo hata ukungu hauzisumbui. Gari linalinganisha yote hayo na ramani ya kina iliyochorwa kabla, mpaka ukingo wa barabara. Eneo ambalo halijachorwa, haliendi.

Sasa lilete gari hilo kwetu Arusha, sokoni Kilombero, saa kumi na moja jioni. Hiace inapakia katikati ya njia, bodaboda anakuja upande usio wake, mkokoteni wa ndizi unakata mbele. Dereva wetu anaingiza pua kidogo kidogo, akipungiwa mkono anapita. Gari hili litasubiri nafasi salama mpaka soko lifungwe.

Na umeme je? Desemba 2025 ulikatika San Francisco, taa za barabarani zikazima. Magari yanajua kupita kwenye taa iliyozima, ila mara nyingine huomba uthibitisho kwa binadamu aliyeko kwenye kituo cha kampuni. Maombi yalimiminika kwa pamoja, majibu yakachelewa, magari mengine yakaganda katikati ya njia panda. Sisi tuliozoea mgao tunaelewa.

Bakshishi hakuna. Mwenye mtoto mdogo aende na kiti chake, ndani ya gari hakipo.