Gemu za zamani: ununue mashine ipi, na uikague vipi

Kila baada ya muda kuna mtu ananiuliza: "Kaka, nataka ile gemu tuliyokuwa tunacheza zamani, ninunue nini?" Namrudishia swali: ipi hasa? Maana kuna waliokulia kwenye kaseti za njano na bunduki ya plastiki, na kuna waliokulia kibandani, kwenye benchi la mbao, pedi mbili na sheria moja: aliyefungwa anampisha mwenzake. Hawa wawili hawatafuti mashine moja.

Orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja, nakitaja mapema usije ukanigombeza: ikifa, fundi wa mtaani kwako ataifufua? Uzuri wa picha, wingi wa gemu na uadimu vinakuja baadaye. Mashine ya kale isiyo na spea ni pambo la kabatini.

1. PS2 nyembamba

Sioni ya kuikaribia. Sony waliitoa PS2 (PlayStation 2) huko Japani Machi 2000 na hawakuacha kuitengeneza hadi 2013, zikiwa zimeshauzwa zaidi ya milioni 150. Kwako mnunuzi maana yake ni kwamba lenzi (jicho linalosoma diski), pedi na waya bado zinapatikana, na fundi aliyewahi kuifungua humkosi. Gemu za mpira zenyewe ziliendelea kutoka hadi PES 2014, iliyoingia sokoni mwaka 2013 wakati PS4 nayo inazinduliwa. Si ajabu vibanda vingi havikuona haraka ya kuhama.

Ukipewa mkononi, igeuze kabla hujaiwasha. Chini kuna kibandiko chenye namba inayoanza na SCPH. Za kundi la 70000 (70001, 70004 na kadhalika) zina sifa mbaya ya kuunguza lenzi. Mimi nikikuta ya 77000 au 79000 pembeni yake, nachukua hiyo. Za 90000 ndizo za mwisho kabisa, na raha yake ni kwamba mfumo wa umeme umo ndani, huhangaiki kutafuta adapta. Kasoro ni kwamba zile za mwishomwisho hazikubali Free McBoot. Kama hujawahi kuisikia, hiyo ni programu inayokaa kwenye memori kadi. Mashine ikiwaka inaanzia hapo, kisha unaendesha gemu zako kutoka kwenye flashi bila kuichosha lenzi, na bila fundi kuchomelea chipu yoyote. Ila usitarajie miujiza: tundu la USB la PS2 ni la kizazi cha 1.1, polepole kama foleni ya Ubungo. Mechi inachezeka, lakini video za utangulizi zinakatakata.

Sasa tazama tarakimu ya mwisho ya namba ile. 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Hapo ndipo watu wanapolia. SCPH-39001, kwa mfano, ni PS2 nene ya Marekani, imetengenezwa kwa umeme wa volti 120, wakati ukutani kwetu Tanzania ni 230 na Kenya ni 240. Binamu yangu aliletewa ya namna hiyo na shemeji yake, imebebwa kwenye begi la mkononi safari nzima ili isigongwegongwe. Akaichomeka. Ikalia "pa!", sebule ikanuka plastiki iliyoungua, na shemeji bado yuko pale pale na soda yake mkononi. Ukiipenda ya Marekani au ya Japani, hesabu na bei ya transfoma ya kushusha umeme. Kwa nyembamba yenye adapta ya nje, soma adapta: upande wa kuingiza uandikwe hadi 240, upande wa kutoa iwe volti 8.5. Adapta ya laptopu iliyochongwa kichwa si mbadala, hata muuzaji akiapa.

Tarakimu hiyo hiyo inakuambia pia CD gani itakubali. Diski orijino ya Japani haitafanya kazi kwenye mashine ya Ulaya ambayo haijabadilishwa na fundi, na kinyume chake.

Kukagua lenzi, nenda na diski zako mwenyewe, na zisiwe moja. Beba yenye tumbo la bluu na yenye tumbo la rangi ya fedha. Gemu za PS2 zilitoka kwa namna mbili, za bluu ni CD na za fedha ni DVD, na lenzi iliyochoka mara nyingi inasoma aina moja na kuikataa nyingine. Muuzaji anaijua inayosoma, ndiyo atakayokuwekea. Usikubali kuishia kwenye menyu. Acha mechi ianze, cheza hata dakika tano, huku sikio likiwa karibu na mfuniko. Mzunguko laini ni mzuri. Ukisikia tk-tk-tk, kimya, kisha tk-tk-tk tena, lenzi inatafuta na haioni. Angalia pia vimiguu vya mpira chini: kikikosekana na skrubu iko wazi, imeshafunguliwa. Hilo si kosa, ila ni sababu nzuri ya kushusha bei.

Pedi orijino ina maandishi SCPH-10010 nyuma, na vitufe vyake vinahisi nguvu ya kidole: kwenye gemu za magari ukibonyeza taratibu gari linakwenda taratibu. Za bandia nyingi zinajua mawili tu, kubonyezwa na kuachwa. Kwa mpira za bandia zinatosha, mpaka kijiti kianze kuvuta upande mmoja na beki wako aende kumkumbatia refa. Memori kadi chukua ya MB 8, orijino, hata kama ya MB 128 ni rahisi na imeng'aa zaidi. Nimeshapoteza msimu mzima wa ligi kwenye ile kubwa.

*Kabla hujaendelea: TV*

Watu wananunua mashine, wanaichomeka kwenye TV bapa ya inchi 55, kisha wananipigia kulalamika kwamba zamani picha ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa sababu ilichorwa kwa ajili ya TV ya chogo. Waya wa njano kwenye TV bapa unatoa picha iliyofifia, na TV yenyewe inachukua muda kuichakata, kwa hiyo unabonyeza shuti na mguu unachelewa. Kama jirani ana chogo stoo, muombe. Wengi watakushukuru kwa kuwatolea mzigo. (Usiifungue kusafisha vumbi. Chogo hutunza umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa.) Ukikosa, tafuta waya wa PS2 wenye vichwa vya kijani, bluu na nyekundu kwa picha. Huo ni afadhali kuliko vile vigeuzi vidogo vya HDMI vya bei chee.

2. Gemu ya mkononi ya Kichina: R36S au Miyoo Mini Plus

Wakusanyaji wa mashine za kale hapa watanirushia mawe, maana hizi si za zamani. Ni kompyuta ndogo zinazoiga mashine za zamani, kuanzia za kaseti hadi PS1. Nimeziweka namba mbili kwa kigezo changu kile kile: zikiharibika, mara nyingi kilichokufa ni kadi, na kadi unabadilisha mwenyewe ukiwa umekaa kitandani.

Zote mbili zina skrini ya inchi 3.5. R36S nimezoea kuiona mtandaoni kati ya dola 30 na 40 kabla ya usafiri na ushuru, na ina vijiti viwili vya kuongozea. Miyoo ni ghali zaidi, lakini inakaa mfukoni vizuri na imetulia kimatumizi. Kama mpango wako ni PS1 kurudi nyuma, yoyote itakufaa. Mtu akikuuzia R36S kwa kusema inacheza PS2, ondoka.

Kadi inayokuja nayo ni ya hovyo. Siku ya kwanza, kabla hujacheza chochote, nakili kila kilichomo, ukiweke kwenye kadi ya kampuni inayojulikana. Chaji kwa kichwa cha kawaida cha simu na waya wa USB wa kizamani. Vichwa vya chaji ya kasi viache na simu yako. Ujihadhari pia na R36S za kuigwa. Ndiyo, kuna bandia ya kitu ambacho chenyewe ni mwigo, na ndani unakuta bodi nyingine kabisa.

Gemu zilizojazwa humo hazikulipiwa kwa waliozitengeneza, tusidanganyane. Ukiwa na diski zako, nakili hizo.

3. PSP

Hii ni gemu ya mkononi ya Sony. Ilitoka Japani Desemba 2004, na ilipofika mtaani mwenye nayo alikuwa mfalme wa basi la shule. Tafuta modeli ya 2000 au ya 3000. Ile ya 1000 ni nzito na ina nusu ya kumbukumbu ya wenzake. E1000 haina Wi-Fi, kwa hiyo unakosa utamu mkubwa wa PSP, wawili kucheza kwa mashine mbili pasipo intaneti.

Ugonjwa wake ni betri. Fungua mfuniko wa nyuma mbele ya muuzaji. Betri ikiwa imetuna, au mfuniko unainuka kama chapati kwenye kikaango, usiichaji tena hata kidogo. Nunua mashine bila betri kwa bei ya chini, kisha tafuta betri mpya. Kwa kuhifadhia gemu, adapta inayopokea kadi ndogo ya simu ni salama kuliko Memory Stick (kadi yake ya asili) za vichochoroni.

Sijaipandisha juu zaidi kwa sababu moja. Simu uliyonayo mkononi pengine inaweza kuendesha PPSSPP, programu inayoiga PSP, bure, na ukiunganisha pedi ya bluetooth huoni tofauti kubwa. Ijaribu kwanza. Ukigundua unachokosa ni ile mashine yenyewe mkononi, hapo sasa nunua.

4. Game Boy Advance SP, au DS Lite

Hizi ni gemu za mkononi za Nintendo, kwa anayeipenda kampuni hiyo tu. SP inafungwa kama simu ya kukunja na betri yake inachajiwa. Tazama nyuma: AGS-101 ina mwanga mzuri zaidi kuliko AGS-001. DS Lite ya 2006 inakubali pia kaseti za Game Boy Advance, ila bawaba yake hupasuka, kwa hiyo ifungue na kuifunga mara kadhaa ukiangalia kona ya kulia.

Tatizo ni kaseti bandia, ni nyingi kuliko mchanga. Kwenye kaseti orijino ya Advance inamisha lebo kwenye mwanga: kuna namba ndogo iliyogandamizwa kwenye karatasi, bila wino. Chungulia pia mdomoni, juu ya meno ya shaba, utaona neno Nintendo limechapwa kwenye bodi. Kaseti za kwanza za Pokémon hutunza maendeleo kwa kibetri cha ndani, na kikifa kila kitu kinafutika. Fundi wa saa mwenye mkono mwepesi anaweza kukibadilisha.

5. Ile ya kaseti za njano

Naijua, ndiyo uliyoitaka tangu mwanzo. Ni nakala ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 1983, na sisi tukaipata kwa majina na maumbo chungu nzima, na kaseti iliyoandikwa "9999 ndani ya 1" ambayo ukihesabu gemu tofauti hazijai vidole vya watu wawili.

Nunua kwa mapenzi, kwa bei ya mapenzi madogo. Vitufe vyake vinakufa mapema, na plastiki inapasuka ukiikazia macho. Ila kama unaitaka kwa ajili ya bunduki na bata, hakikisha una chogo. Bunduki ile haitoi kitu, inapokea. Ukivuta kitufe, skrini inakuwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panakuwa na mraba mweupe. Jicho la bunduki likiona mweupe, umempata. TV bapa inachelewesha mraba ule, bunduki inaona giza, na bata anapita huku mbwa anakucheka. Hakuna mpangilio wa TV utakaolirekebisha hilo.

Mega Drive na nyingine za enzi hizo nawaachia wakusanyaji wenye subira na ndugu Ulaya. Ni mashine nzuri, lakini kaseti zake utaziagiza moja moja.

Usinunue kabisa

Zile fimbo za HDMI zenye "gemu 10,000" na pedi mbili zisizo na waya. Gemu zinajirudia, na pedi zinakula betri huku zikichelewa kutii. Mtoto wa miaka mitano anaweza kufurahi wiki moja. Pesa hiyo ongeza kwenye R36S.

Ukishainunua

Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja tuna adui ambaye wa Arusha hamjui: hewa ya chumvi. Meno ya kaseti yanafanya kutu ya kijani, na kuyapuliza kwa mdomo, kama tulivyofundishana, kunaongeza unyevu. Tumia kijiti cha pamba cha masikioni na spiriti, sugua mpaka pamba isitoke nyeusi, acha ikauke robo saa. Diski futa kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Kisha weka kila kitu kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vyeupe vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Kama huna, muuza viatu wa karibu anazo gunia zima na anazitupa.