Tathmini ya juisi ya beri mchanganyiko inayouzwa kama kinywaji cha mlo

Ukiigeuza chupa ya juisi hii na kusoma orodha ya viambato, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, utaona kwamba juisi ya tufaha iliyokolezwa ndiyo inayotangulia, ikifuatiwa na ya zabibu, ndipo bluberi na kranberi zinapotajwa. Si udanganyifu, kwa kuwa kranberi tupu ni chachu mno na wachache wangeweza kuimaliza glasi yake. Hata hivyo, picha ya upande wa mbele haionyeshi tufaha hata moja.

Ladha yake ni nzuri. Ina uchachu wa wastani, ukakasi unaobaki ulimini baada ya kumeza, na mashapo ya zambarau chini ya chupa ambayo hayana budi kutikiswa kabla ya kumimina.

Jambo linalohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi ni sukari. Ni kweli kwamba hakuna iliyoongezwa, lakini jedwali la virutubishi linaonyesha gramu 11 katika kila mililita 100, maana yake glasi ya mililita 250 ina zaidi ya gramu 27. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unahesabu sukari ya asili iliyomo katika juisi kuwa sukari huru, sawa na ile ya kijikoni, na unapendekeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ikiwezekana chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 kwa mtu mzima. Glasi moja iliyojaa tayari imekivuka kiwango hicho cha chini. Tunda zima lina sukari pia, ila huja na nyuzinyuzi, ambazo katika kukamua na kuchuja huachwa karibu zote.

Kuinywa pamoja na chakula, kama watengenezaji wanavyoshauri, kuna mantiki. Chakula hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na mate yanayotoka kwa wingi wakati wa kutafuna husaidia kupunguza makali ya asidi kwenye meno, ingawa ni vyema kusubiri walau nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Vitamini C iliyoongezwa husaidia mwili kufyonza madini ya chuma ya kunde na mboga za majani; lakini polifenoli za beri, yaani kemikali za asili za mimea, zina tabia ya kuyashika madini hayo hayo, hivyo singeihesabu kuwa tiba ya upungufu wa damu. Watafiti wa Finland walichapisha mwaka 2010 matokeo yaliyoonyesha kwamba beri zilizosagwa zikiliwa pamoja na sukari ya kawaida, sukari ya damu hupanda kwa utaratibu zaidi. Hizo zilikuwa beri zilizosagwa nzima, si juisi ambayo nusu yake ni tufaha. Kwa maoni yangu, mililita 100 hadi 150 kwa mlo, iliyozimuliwa kwa maji, inatosha kabisa.

Pembeni mwa lebo yameandikwa maneno "hulinda moyo" na "husafisha mkojo". La kwanza ni dai kubwa mno kwa kinywaji. La pili lina chembe ya ukweli: kranberi imeonekana kupunguza kurudiarudia kwa maambukizi ya njia ya mkojo kwa baadhi ya wanawake, lakini haitibu maambukizi yaliyokwisha kuanza, na kiasi kilichomo humu, kikiwa cha mwisho katika orodha, ni kidogo. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, hushauriwa kuepuka kranberi au kumwuliza daktari kwanza, kwani inaweza kuzidisha nguvu ya dawa hiyo na kusababisha kuvuja damu. Onyo hilo nimelitafuta chupa nzima bila kuliona.